UZI: Jibu limekuja gari likiwa Mau Summit. Kwa nini huchelewa, na ukishalipata ulipeleke wapi?

Mtu_wa_Bondeni (mleta mada)
Wadau, nafungua uzi kuhusu lile jibu kali linalokuja mazungumzo yakiwa yameshaisha. Umeambiwa neno mbele ya watu hapa Nakuru, ukababaika, ukasema "sawa tu", ukapanda gari la Kisumu. Kufika Mau Summit jibu linashuka lote, limekamilika mpaka kituo. Wa kuambiwa hayupo.

Sitaki mikasa, kila mtu ana yake. Nataka wanaoelewa waseme mambo matatu: kwa nini linachelewa, kama kuna namna ya kuliwahi, na likichelewa lifanywe nini. Mifano ya kutunga ruksa. Matusi ya kweli peleka kwingine.

Mwalimu_Shinyalu
Mada nzuri. Anza na saa.

Watu wakizungumza, pengo kati ya mmoja kunyamaza na mwingine kuanza ni dogo mno. Utafiti wa 2009 uliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia ulikuta wastani wa kama milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Lakini kulipata neno moja kichwani, hata jina la kikombe unachoonyeshwa kwenye picha, huchukua kama milisekunde 600 kabla ulimi haujaanza. Piga hesabu. Ina maana sisi sote huanza kupika jibu mwenzetu akiwa bado anasema, kwa kukisia sentensi yake inaelekea wapi.

Salamu inakisika. Bei inakisika. Kejeli haikisiki, na ndiyo sababu inaitwa kejeli: inakata kona mwishoni. Jibu ulilokuwa umepika linakuwa la sentensi nyingine, unalimwaga, unaanza upya, na zile milisekunde zimeisha. Wenzako wanaona umenyamaza.

Ongeza mwili. Ukidhalilishwa mbele ya watu, adrenalini na nduguze hupanda, na ile sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga na kuchagua maneno hufanya kazi vibaya zaidi. Unabaki na yale yaliyozoeleka: "sawa", "haya", "aah wewe pia". Ukishatoka, mwili unatulia na sehemu ile inarudi kazini. Akili haikukosa jibu. Ilikosa muda na utulivu.

Wafaransa wana jina lake, maana yake "akili ya ngazini". Limetokana na Denis Diderot, mwandishi Mfaransa wa karne ya 18, aliyesimulia jinsi alivyozibwa mdomo kwenye chakula nyumbani kwa waziri Necker, akasema mtu kama yeye hujipata tena akifika chini ya ngazi. Sebule za wakubwa wa Paris zilikuwa ghorofani, kwa hiyo kushuka ngazi ndiko kuondoka kwenyewe. Wajerumani na Wayahudi wa Ulaya Mashariki nao wana maneno yaliyojengwa kwa ngazi hiyo hiyo. Diderot alifariki 1784 na maandishi hayo yakachapishwa 1830, kwa hiyo hata neno lake la kuchelewa lilichelewa miaka 46.

Sisi wengi tunaishi ploti zisizo na ngazi. Jina letu lingetokana na steji.

Kijana_Nyalenda
Mwalimu umeeleza fiti. Mimi naongeza upande wa wale ambao hawachelewi.

Watu wanadhani bingwa wa mchongoano, ule mchezo wa vijana wa kuchomana kwa maneno, anatunga papo hapo. Wapi! Mchongoano ni mashine yenye vipande vitatu: mlengwa (kwenu, mamako, kichwa chako), kiungo "mpaka" au "hadi", halafu picha. Vipande viwili vya kwanza viko mdomoni tayari. Unapovitamka unajinunulia karibu sekunde nzima ya kutafuta picha. Huo ndio ujanja wote.

Na anayejibu vizuri hatafuti picha mpya. Anaiba nomino ya mwenzake. Angalia:

— Kwenu ni maskini mpaka panya wanaleta chakula kutoka nje.
— Na hao panya walihama kwenu wakitafuta kazi.

Panya ni walewale, amegeuza tu walikotoka. Ukienda kutafuta mende, simba au gari la taka umechelewa. Sikiliza neno moja linaloshikika kwenye sentensi yake, kitu chenye mwili, si "ujinga" wala "tabia", halafu kigeuze mwelekeo: kilitoka wapi, kinakwenda wapi, ni cha nani, kinagharimu ngapi. Maswali manne hayo yanatosha.

Inapoharibika: ukitumia mtindo huu kwa mtu ambaye hamchezi. Mchongoano una mduara na wanaoshangilia. Nje ya mduara ni tusi, na litahesabiwa tusi.

MamaMitumba_Kibuye
Kijana amesema kweli kuhusu kuwa na vipande tayari. Sokoni hakuna jibu la papo hapo, kuna majibu ya zamani yaliyohifadhiwa vizuri.

Hesabu maneno ambayo mteja hurusha. Hayazidi saba: bei ghali, nimeona kule mbele kwa bei ya chini, hii imepauka, juzi ulikuwa unauza rahisi, zipu itaharibika, mimi ni mteja wako wa kila siku, wewe una maringo. Ndiyo hayo mwaka mzima. Kila moja litengenezee jibu moja, kwa sauti, ukiwa unapanga nguo asubuhi. Maneno manane au tisa, pumzi moja. Likizidi pumzi moja mteja atakudakia katikati.

Mfano. Anasema, "Kule mbele ni mia mbili." Wengi hujibu "basi kanunue huko" na wanajiona wameshinda. Umeshinda nini na jinzi bado imening'inia? Jibu: "Kalinganishe mshono wa ndani, ukirudi utanikuta." Halina hasira, limempa kazi ya kufanya na limemwachia mlango.

Likikosea njia, usiandike kitabu. Badilisha neno moja kesho, ujaribu tena.

Shabaan58
Samahani wakubwa, lakini mnafundisha watu kujibizana. Kunyamaza si jibu pia?

MamaMitumba_Kibuye
@Shabaan58 ni jibu, likifanywa kwa macho wazi. Unamtazama, unahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, halafu unaendelea na kazi yako. Ukiinamisha macho na kushika simu, huko si kunyamaza, ni kukimbia, na kila mtu anajua.

Mwalimu_Shinyalu
Kati ya kunyamaza na kujibu kuna kitu cha tatu: kununua muda. Mwombe arudie. "Sijakupata vizuri, hebu rudia." Neno la kejeli linaishi kwa mshtuko, na likirudiwa kwa ombi linakuwa sentensi ya kawaida tu. Mara nyingi msemaji mwenyewe hulipunguza makali: "Aah, nilikuwa natania." Wewe umepata sekunde nne au tano, ambazo ni nyingi mno ukikumbuka hesabu ya milisekunde 600.

Namna ya pili ni kumrudishia kwa maneno yako: "Unasema kazi hii sikuifanya mimi, ndivyo?" Hapo lazima akubali, akanushe au aeleze, na vyote vitatu vinamchukulia muda yeye.

Sauti ndiyo huharibu. "Rudia!" ikipanda mwishoni ni mwaliko wa ngumi. Ishushe.

NyarAhero
Na kwa mkubwa usiseme "rudia" hata kwa sauti ya chini. Kwa mzee ni "Baba, sijasikia vizuri." Kwa askari barabarani, "Afande, naomba unieleze tena." Maana ni ileile, heshima inabadilika.

Kuna mambo mawili hamjayagusa.

La kwanza ni lugha. Kisumu mtu anakuchoma kwa Kidholuo, wewe kichwani unatafuta jibu kwa Kiingereza cha shule, mdomoni linatoka kwa Kiswahili sanifu. Umebadilisha gia mara mbili. Jibu hata likiwa zuri linasikika kama taarifa ya habari ya saa moja. Fanyia mazoezi majibu yako kwa lugha ambayo unachomwa nayo. Kama kazini wanakuchoma kwa Sheng, jibu la Sheng.

La pili, kuna majibu ambayo mdomo wake si wako. Mama mkwe akitoa neno, wewe mkwe hujibu, hata ungekuwa na jibu la dhahabu. Kwetu maneno mazito ya ukweni yalikuwa na mtu wake wa kuyapeleka, jagam, yule aliyeunganisha nyumba mbili. Leo anaweza kuwa shangazi au ndugu mkubwa wa mume. Jibu lako mpe yeye, bila pilipili, atalipika upya. Faida yake ni kwamba jibu hilo haliwezi kuchelewa. Linatakiwa lifike baada ya siku kadhaa, likifika usiku uleule ndiyo kosa.

Shabaan58
Nyar Ahero asante. Lakini yale ya steji sasa? Yaliyokwisha kuchelewa.

Karani_wa_Chama
Kabla hamjalipeleka popote, lipimeni.

Jibu linalokuja kwenye gari linapendeza kwa sababu mpinzani aliye kichwani mwako ni mpole kuliko yule wa kweli. Unamwambia, anafungua mdomo, anaufunga, watu wanacheka, unaondoka. Mpinzani wa kweli angejibu. Kwa hiyo chukua karatasi uandike mistari mitatu: alichosema yeye, neno kwa neno, jibu lako jipya, halafu, kwa haki, jibu ambalo yeye angelitoa akisikia hilo. Majibu mengi hufia mstari wa tatu. Kama anaweza kukumaliza kwa "na wewe je?", jibu lako halikuwa tayari, lilikuwa tamu tu.

Mstari wa kwanza uandike mapema, ndani ya saa moja hivi. Kesho yake kumbukumbu itakuwa imeanza kumfanya yeye mbaya zaidi na wewe mnyonge zaidi, na utakuwa unajibu sentensi ambayo hakuna aliyeisema.

Usiamini toleo la kwanza. Kotisoli, homoni ya msongo, hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 baada ya kishindo. Kwa hiyo jibu la dakika ya kumi unaliandika moto ukiwa bado unapanda. Lipe usiku mmoja, ulisome tena ukishakunywa chai.

Mwalimu_Shinyalu
Karani, niongeze sarufi, maana lugha yetu ilishayagawa majibu haya mafungu mawili zamani.

"Ningemjibu, angenyamaza." Hiyo ni -nge-. Nafasi bado ipo.
"Ningalimjibu, angalinyamaza." Hiyo ni -ngali-. Nafasi imekwenda.

Kila jibu la steji liulize: wewe ni -nge- au -ngali-? Kama mtu huyo utakutana naye tena, na jambo lenyewe bado liko mezani (deni, zamu, alama, kodi, jina lako), ni -nge-, litafutie mahali. Kama alikuwa abiria aliyeshuka Kericho, ni -ngali-. Hilo halimfikii tena, lakini usilitupe: livue tukio, ubaki na umbo lake, ulitie kwenye ghala kama lile la Mama wa Kibuye. Abiria mwingine atasema lilelile.

Na jamani, msichanganye katika sentensi moja. "Ningalijua ningekuja" inawakosesha watahiniwa alama kila mwaka.

Kijana_Nyalenda
Na "ningelimjibu"?

Mwalimu_Shinyalu
Yakubalika, ni ndugu wa -ngali-. Ukianza na -ngeli- maliza na -ngeli-.

Mwakilishi_Maua
Nije kwenye sehemu ambayo jibu lililochelewa linagharimu mshahara: kikao cha nidhamu kazini. Huku kwenye mashamba na viwanda ndipo watu hufungwa mdomo kabisa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 41, inasema mwajiri anayetaka kukuachisha kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwenye maelezo hayo. Kisha lazima akusikilize kabla ya kuamua. Watu wengi huingia peke yao kwa kiburi. Usiingie peke yako.

Kazi ya huyo mwenzako si kupiga kelele. Akae na kalamu. Aandike maneno ya kila shtaka, na akiona umebabaika akusogezee karatasi yenye neno moja: "tarehe", "shahidi", "zamu". Neno moja linatosha kukurudisha.

Barua ya kujieleza ikija kwanza, hiyo ni zawadi, kwa sababu unajibu ukiwa umetulia. Jibu kila shtaka kwa namba yake. Usijibu tabia ya msimamizi, jibu jambo.

Mwisho wa kikao, kabla ya kusimama, sema: "Naomba iandikwe kwamba nitaleta maelezo ya ziada kwa maandishi kesho asubuhi." Wanaweza kukubali au kukataa, lakini ombi lenyewe liwe limeandikwa. Ukikumbuka jibu ukiwa langoni, lilete kwa maandishi, nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa.

Ukipewa kumbukumbu utie sahihi, zisome. Neno lako likiwa limeachwa, liandike kwa mkono juu ya sahihi yako. Anayetia sahihi kwanza na kukumbuka baadaye amejifungia mlango mwenyewe. Na kama umeshaachishwa bila haki, malalamiko kwa afisa wa kazi yana muda: miezi mitatu tangu siku ya kuachishwa.

Shabaan58
Na mahojiano ya kazi?

Mwakilishi_Maua
Rahisi zaidi. Karibu kila jopo humaliza na "Una swali lolote?" Watu huuliza mshahara. Tumia hapo: "Kabla ya swali, naomba nirudi kwenye lile la pili, nilijibu nusu." Halafu sentensi mbili, si zaidi. Ukizidisha unawakumbusha kwamba ulishindwa.

Karani_wa_Chama
Na kwenye chama, ushirika, kamati ya shule, kanisa, mahali pa jibu lililochelewa pamewekwa rasmi. Mnapapita kila mwezi bila kupaona.

Tazameni mpangilio wa kumbukumbu tuliofundishwa shuleni: ufunguzi, kusomwa na kuthibitishwa kwa kumbukumbu za mkutano uliopita, halafu YATOKANAYO. Hicho kipengele ni ngazi ya Diderot iliyopigwa mhuri. Jambo lolote lililosemwa mkutano uliopita linaweza kurudi hapo, na hakuna atakayekuambia umechelewa.

Masharti ni haya. Lazima jambo liwe limeandikwa kwenye kumbukumbu. Kama mweka hazina alikuambia mbele ya watu kwamba hujalipa miezi miwili na katibu hakuandika, huna pa kushika. Kwa hiyo hata ukiwa umebabaika, siku ileile jitahidi useme neno moja: "Liandikwe." Hilo unaweza kulisema bila akili ya mbele wala ya nyuma.

Pili, wakati wa kuthibitisha si wakati wa kujibu. Hapo unasahihisha kilichoandikwa vibaya, basi. Ukianza kujitetea mwenyekiti atakukalisha. Subiri yatokanayo, taja namba ya kipengele, toa karatasi.

Tatu, usilihifadhi kwa "shughuli nyinginezo". Saa hiyo watu wameshavaa koti na wanawaza gari.

Mtu_wa_Bondeni
Uzi umenoga. Sasa nipimieni moja ya kutunga, tuone kama kanuni zinashika. Tuseme msimamizi wa ploti amekuambia kwa lango, majirani wakisikia: "Wengine wenu mnaishi hapa kwa huruma." Wewe kodi ulilipa tarehe 3. Ukabaki "eeh, haya." Saa tatu usiku jibu limekuja, unataka kulirusha kwenye kundi la wapangaji:

"Wewe ndiye unaishi kwa huruma kwa sababu hata hiyo kazi ya kufungua lango ulipewa kwa sababu ya shemeji yako na kodi yangu ndiyo inayokulipa mshahara na nililipa mapema kuliko watu wengi humu kwa hivyo heshimu watu wanaokulisha."

Kijana_Nyalenda
Ina moto. Nomino umeiba vizuri, "huruma". Ilitosha kusimama hapo.

Karani_wa_Chama
Mstari wa tatu: yeye atajibu nini? Atasema, "Sikukutaja jina, mbona umejitambua?" Umekwisha. Na shemeji ni mlango mwingine kabisa, sasa mwenye nyumba ataingia. Futa shemeji, mshahara na kulisha.

Kilichobaki chenye nguvu ni tarehe 3, kwa sababu hakibishaniki. Ujumbe wa M-Pesa una namba ya muamala ya herufi na tarakimu 10, una tarehe na saa. Kwa hiyo:

"Habari ya asubuhi. Kodi ya mwezi huu, nyumba namba 7, nililipa tarehe 3. Ujumbe wa M-Pesa huu hapa. Naomba unithibitishie hakuna deni."

Atalazimika kuandika "hakuna deni" mbele ya waliosikia "huruma". Hutaji neno lake hata mara moja.

NyarAhero
Nimeipenda. Ila usiiandikie mle mle kwenye kundi, wataona "anaandika..." dakika kumi nzima na wataanza kungoja sinema. Iandike kwenye ujumbe wa kujitumia mwenyewe, WhatsApp inaruhusu, kisha unakili. Na ukituma ukaona kosa, kuhariri ni ndani ya dakika 15 tu, na alama kwamba umehariri inabaki hapo.

MamaMitumba_Kibuye
Na namba ya muamala ifunike nusu, kundi lina watu wengi. Herufi nne za mwisho zinatosha.

Mtu_wa_Bondeni
Basi nitume saa hii?

Karani_wa_Chama
Saa tatu usiku na umeandika "Habari ya asubuhi"? Kesho, saa mbili na nusu, akiwa ameshafungua lango.